Maji Miguuni mwa Maman Zaina

Wadogo zangu mnaoanza gereji mwaka huu, nawaandikia kama mstaafu. Najua mtacheka, kwa sababu nina miaka thelathini na moja. Wengine hustaafu kwa mgongo, wengine kwa macho. Mimi niliacha kazi nilipofika mahali ambapo sikuweza kumkabidhi mtu gari lake bila kumpigia simu arudi kabla hajafika kona. Sasa nauza vipuri hapa Kamembe. Mnakuja dirishani kwangu kununua raba za milango na silikoni, na kila anayenunua silikoni nyingi namwuliza kama ameshajua maji yanaingilia wapi. Wengi hunijibu kwamba bado, lakini watapaka kila mahali. Mimi nilipaka kila mahali. Kaeni niwaambie.

Maji ndani ya gari kuukuu huonekana jambo dogo. Soksi kulowa hakujamwua mtu. Ndivyo nilivyofikiri, na kwa kufikiri hivyo nilimrudishia Maman Zaina gari lake mara tatu, na mara tatu akateremka nalo kwenda Bugarama kununua mchele, binti yake Zaina kiti cha mbele na wachuuzi wenzake wawili nyuma. Wakati huo maji yaliyokuwa yakimlowesha miguu yalikuwa yanakula chuma kilichoshika maisha yao wote wanne. Hakuna kati yetu aliyekiona.

Nilitoka shuleni na diploma ya ufundi wa magari na daftari jipya. Aliyenipokea ni Mzee Hamimu, fundi wa hapa hapa Kamembe, mtu mfupi mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na vidole vinene kama ndizi za kuchoma. Siku ya kwanza alinionyesha gari lenye maji chini ya kiti cha nyuma. Nikafungua daftari nikaandika sababu zinazowezekana. Nilifika kumi na saba. Alisubiri mpaka nikamaliza, akaninyang'anya kalamu.

"Injenieri," akasema, na jina hilo halikunitoka tena, "maji haisomake daftari. Usitafute kwenye iko. Tafuta kwenye inatokea."

Alimaanisha nisitafute maji yalipo, nitafute yanakotoka. Kisha akatuma watu nyumbani kwake kuleta unga wa muhogo. Akaupaka mwembamba kwenye raba ya mlango wa buti, akafunga, akamwagia maji, akafungua. Penye kona moja unga ulikuwa umechorwa mstari mweusi, mwembamba kama unywele. Ilichukua muda wa kunywa chai. Mke wake alikuwa amekuja nyuma ya unga ule, akasimama na mikono kiunoni.

"Hii unga ni ya bantu ao ya magari?"

"Ya magari, Maman. Bantu batakula kesho."

Njia hiyo itumieni. Haina gharama na haidanganyi. Mkikosa unga, tandazeni vipande vya gazeti chini ya zulia, kila kipande na namba yake. Kinacholowa kwanza ndicho kinachosema. Na mkimwaga maji, anzeni chini mpande juu, sehemu moja kwa wakati, mtu mmoja ndani na tochi. Ukianza na paa, kila kitu kitalowa na hutajua chochote.

Jambo jingine ni kuyajua maji yenyewe. Ya mvua hayana harufu. Ya radieta ni matamu puani na yanateleza vidoleni. Nasema vidole, si ulimi, kwa sababu mimi niliwahi kuonja. Mwalimu mmoja kijana alileta gari lililokuwa linalowa kila Jumatatu. Niliwaza kila namna: nilifungua paa, nikatoa kioo cha nyuma, nikafuata mabomba yote. Siku ya tatu, kwa kukata tamaa, nikachovya kidole chini ya zulia nikakiweka ulimini. Chumvi, na kitu kingine nilichokijua lakini sikukitambua. Mzee Hamimu akainama, akanusa tu.

"Injenieri, uko nakula sambaza mbichi."

Mwalimu alikuwa anabeba ndoo za sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kila mwisho wa wiki, na barafu iliyeyuka njiani. Kwa hiyo kabla ya kufungua bolti hata moja, muulizeni mwenye gari anabeba nini.

Na magari yenye dirisha la paani, yale matundu ya kutolea maji yakiziba, pitisheni uzi mnene wa nailoni wa kuvulia, polepole. Msipulize kwa kompresa. Mimi nilipuliza. Nilisikia sauti ndogo ndani ya nguzo ya mlango, nikajiambia si kitu. Bomba lilikuwa limechomoka, na mvua ya kwanza ikamwagika yote kwenye shingo ya mteja akiwa na shati la harusi. Alirudi akiwa bado na tai shingoni. Alinipa tai niikamue.

Sasa Maman Zaina.

Alikuja na gari la zamani, jeupe, lililokuwa na maji upande wa dereva, yaani kushoto. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwepesi wa maneno, ambaye gereji nzima ilimwogopa na kumpenda.

"Batoto ya Hamimu, miguu yangu iko naoga kila asubuhi. Munataka niote magamba?"

Mara ya kwanza nikaziba kioo cha mbele. Nilimwagia maji saa nzima uwanjani, ndani pakavu. Alirudi wiki ile ile. Mara ya pili nikabadilisha nailoni ya ndani ya mlango. Pakavu uwanjani, akarudi. Mara ya tatu nikapaka silikoni kila mshono uliokuwa upande wa kushoto, mpaka gari likanuka siki. Akarudi na kiatu mkononi, akakigeuza mbele yangu, maji yakachuruzika juu ya kiatu changu mimi.

"Sasa tuko sawasawa," akasema.

Wote walicheka. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Lakini aibu ile ndiyo iliyonifanya niulize swali ambalo ningeliuliza siku ya kwanza kama nisingekuwa najiamini kwa sababu ya uwanja wetu wa saruji uliosawazishwa. Nilimwuliza gari linalala wapi.

"Kwangu. Wapi tena, msikitini?"

"Linalala vipi, Maman? Limeangalia wapi?"

Nilikwenda kuona. Mnajua nyumba zetu zilivyojishika kwenye mlima. Kwake gari lililala limeinamisha pua chini kama mbuzi anayekunywa maji. Nikarudi mbio. Tukaweka mbao chini ya magurudumu ya nyuma, tukalipandisha mpaka likakaa vile vile. Katika miaka yote ya shule hakuna aliyenifundisha kulilaza gari kama mwenyewe anavyolilaza. Likiwa sawa, mvua inayokusanyika chini ya kioo cha mbele hupata matundu yake pembeni ikatoka. Likiinama, inamwagikia mbele, inatelemka juu ya ukuta ule wa chuma unaotenga injini na watu.

Nilijilaza chali chini ya usukani na tochi mdomoni. Mzee Hamimu alikuwa nje na bomba la maji.

"Inaingia?"

"Bado."

"Na sasa?"

Tone likaniangukia kwenye paji la uso. Nilicheka kwa furaha, tochi ikadondoka. Niliiokota nikafuata tone lilikotoka, kama nilivyofundishwa. Halikutoka juu. Lilitoka pembeni, likitembea juu ya fito ya chuma iliyopita nyuma ya dashibodi kutoka kulia hadi kushoto, imeinama kidogo upande wangu. Maji yalikuwa yanaingilia kulia kabisa, yanasafiri juu ya fito ile, yanadondokea kwa dereva. Nilikuwa nimeziba upande usiohusika mara tatu.

Katikati ya fito, palipochomelewa, palikuwa pamevimba, pekundu, kama ganda la mkate. Nikagusa kwa bisibisi ili niondoe kutu kidogo.

Bisibisi ikazama.

Niliivuta, ikatoka na unga mwekundu ukanijaa machoni. Nikapapasa kwa kidole. Kilichobaki kilikuwa na unene wa ukucha. Ilinichukua muda kuelewa ninashika nini. Nikasukuma kanyagio la breki kwa mkono, taratibu sana, nikaona fito ile ikijipinda palepale, pale penye ukucha.

"Mzee, zima maji."

"Uko naona nini?"

"Zima maji. Kuja."

Niwaeleze fito ile ilikuwa ya nini. Gari lile lilizaliwa na usukani kulia, na sisi tunaendesha kulia mwa barabara, kwa hiyo usukani unatakiwa kuwa kushoto. Kabla sijaingia kazini watu wengi walikuwa wakihamisha. Kazi nzuri ni kuhamisha kila kitu, pamoja na pampu ya breki. Kazi ya haraka ni kuiacha pampu kulia ilipokuwa, ukaweka kanyagio kushoto, ukaviunganisha kwa fito ndefu uliyoichomelea mwenyewe. Na pale ulipopita usukani wa zamani hubaki tundu kubwa kama ngumi, upande wa abiria, ambalo lazima uzibe kwa kitu.

Mzee Hamimu aliingilia mlango wa kulia. Akang'oa zulia, akaingiza mkono, akavuta. Kilitoka kipande cha ndala ya buluu, kimekatwa duara, kimezungushiwa lami iliyokauka na kupasuka. Alikigeuza mkononi. Nilisubiri atukane kama tunavyotukana siku zote, kwa sababu mnajua desturi ya gereji zetu: kila baya linalopatikana ni la "fundi wa kwanza", na huyo fundi wa kwanza siku zote ameshahamia Bukavu.

"Hii ni yangu," akasema.

"Ndala?"

"Ndala na kazi."

Alikaa kwenye kiti cha abiria, miguu nje. Alieleza bila kuniangalia. Mwenye gari wa zamani alikuwa na safari, akataka gari siku ileile. Mzee akamwambia ni ya wiki moja tu, arudi imalizwe vizuri. Hakurudi, aliliuza. Maman Zaina alilinunua hajui chochote, na Mzee, alipoliona limepakwa rangi nyeupe, hakulitambua. Mara zote hizo lilikuwa linaingia na kutoka mbele ya macho yake.

Maman Zaina akatokea saa nane, mbiombio, kitenge kimefungwa kiunoni kwa safari. Wenzake walikuwa wanamngoja barabarani.

"Nipeni gari yangu. Mchele haingojeake."

Nilitangulia mimi. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yalikuwa mazuri sana. "Maman, kuna shida kidogo. Fundi wa kwanza..."

"Fundi wa kwanza ni miye," Mzee Hamimu akasema nyuma yangu.

Aliyekuwa anagonga bati aliacha. Mzee akamchukua mkono kama anavyomchukua dada yake, akamwinamisha, akamwonyesha fito, akaweka kidole chake kizee pale penye ukucha. Maman Zaina aliangalia. Akakaa juu ya tairi.

"Ingekatika wapi?" akauliza.

"Kwenye ungekanyaga feri kwa nguvu."

Sote tulijua ni wapi mtu anakanyaga breki kwa nguvu akiteremka Bugarama. Kila kona tulikuwa tunaiona.

"Zaina eko anakaa mbele," akasema. Kisha tena, kama anayejihesabia, "Zaina eko anakaa mbele, Hamimu."

"Najua."

Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani atakwenda kwa wakubwa wa kata, na nilikuwa nimeshajitayarishia jinsi nitakavyojibu. Badala yake alivua kiatu kilicholowa, akakiweka pembeni, halafu akainua uso.

"Na zingine?"

"Zingine gani?"

"Weye ulifanya hii kazi ku gari moja tu?"

Naapa kwamba mimi, mwenye daftari la sababu kumi na saba, sikuwa nimeliwaza swali hilo. Wala Mzee Hamimu hakuwa ameliwaza. Alianza kunong'ona, anakunja kidole kimoja kimoja: lile la yule wa Nyakabuye, lile la mwalimu mstaafu kule Nkanka, mawili ya hapa hapa, lile la kijani. Pamoja na hili, sita.

"Tengeneza hii vizuri," Maman Zaina akasema. "Ikiisha, tutaenda nayo kutafuta zile zingine."

Tulifanya siku tatu. Tulihamisha pampu kushoto, tukatoa vifaa kwenye gari lililokufa, tukaziba tundu kwa bati lililochomelewa pande zote. Mzee hakuniachia hata bolti moja, na mimi sikuomba. Mawili ya Kamembe yaliletwa baada ya kupigiwa simu. Moja lilikuwa zima, la pili limeliwa nusu. Kisha tukaondoka watatu, Maman Zaina akiendesha, Mzee mbele, mimi nyuma nikisikiliza kila mlio.

Nyakabuye tulilikuta gari ndani ya shamba la maharage, halina magurudumu. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mzee alifungua mlango, kuku akamrukia usoni, na Maman Zaina akacheka hadi akashika ukuta. Mzee naye akacheka. Nafikiri ilikuwa mara yake ya kwanza kupumua tangu siku ile.

Nkanka hatukucheka. Mwalimu mstaafu alitupokea kwa heshima, akataka tukae kwanza, tupate chai. Mzee Hamimu aliomba kuona gari kwanza. Akaingiza mkono chini ya dashibodi, akasukuma fito kidogo tu, kama unavyosukuma mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Ilikatika. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya kijiti.

Mwalimu alitazama kipande kilichobaki mkononi mwa Mzee.

"Jana," akasema, "jana nimemupeleka bibi hospitali na hii."

Mke wake alikuwa mlangoni na birika la chai, amesimama, hajui kama aje au arudi. Mzee Hamimu aliweka kile chuma chini, akamshika mwalimu mikono yote miwili, akamwambia kila kitu, tangu ndala hadi lami, bila kupunguza. Sijawahi kuona mtu akisema kosa lake vizuri namna ile. Hilo pia shuleni hatukufundishwa.

La kijani lilitupeleka mpaka Ruhwa, mpakani. Mfanyabiashara mmoja alikumbuka kulinunua. Alimuuzia mtu wa Bugarama, naye akaliuza tena, na hapo njia ikakatika. Huenda limevuka. Huenda limepakwa rangi nyingine. Huenda kuku wanataga ndani yake, na nawaomba mwombe iwe hivyo.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mlio chini ya magari leo. Ukiletewa gari la zamani lenye dalili kwamba usukani ulihamishwa, na mwenye gari anasema ni maji kidogo tu, usipake silikoni. Ng'oa zulia la kulia kwanza. Papasa ukuta. Ukikuta tundu limezibwa kwa mpira, fuata fito kwa kidole mpaka mwisho wake, na ukikuta chuma kimevimba, chukua funguo uziweke mfukoni mwako, akutukane apendavyo. Jina la fundi usiulize. Mzee Hamimu ameruhusu niliandike lake.

Maman Zaina bado anateremka Bugarama kununua mchele. Kila anapoona gari la kijani la zamani limesimama kando ya barabara, anasimama. Majuzi nilikuwa naye. Kijana mmoja alikuwa ameegesha akinunua mahindi ya kuchoma, akaona mwanamke mzima anakuja mbio akimwambia amfungulie mlango wa kulia.

"Maman, ni nini? Niko na haraka."

"Hata miye nilikuwa na haraka. Fungua."

Akafungua, labda kwa sababu ya uso wake. Maman Zaina alipiga magoti kwenye vumbi na nguo zake nzuri, akainua zulia, akaingiza mkono wote hadi begani. Alikaa hivyo kitambo, shavu limegusa kiti, anapapasa.

Halikuwa lenyewe. Alimwomba kijana radhi, akalirudisha zulia, akalinyoosha kwa viganja mpaka kona zote zikalala sawa.